Gari la safari likilala masika: kusoma dalili za unyevu kabla hujanunua dawa

Mwaka wa kwanza nilipolilaza gari langu la safari wakati wa masika, nilifanya kila nilichoamini kuwa ni sahihi. Nililiosha, nikapandisha vioo vyote, nikalifunika kwa turubai la plastiki la bluu kuanzia paa hadi matairi, nikakaza kamba. Ilikuwa mwisho wa Machi, Kigamboni, kwenye kiwanja chenye majani, bahari ikiwa karibu kiasi cha kusikia mawimbi usiku. Nililifunua wiki ya kwanza ya Juni. Usukani ulikuwa umeota manyoya ya kijivu. Mikanda ya viti ilikuwa na madoa meusi. Godoro la hema la juu ya paa nilipoligeuza, upande wa chini ulikuwa umechorwa kama ramani. Na turubai halikuwa na tundu hata moja. Mvua haikuingia kabisa. Maji yaliyofanya uharibifu ule mengine nilikuwa nimeyafungia ndani kwa mikono yangu, na mengine yalipanda kutoka kwenye majani yaliyokuwa chini ya gari.

Ninawaandikia wenye magari ya aina hii katika ukanda wa pwani: Land Cruiser ndefu, zile tunazoziita mkonge, zenye hema juu, Hiace zilizogeuzwa kuwa chumba cha kulala, magari ya wageni yenye paa la kunyanyuka. Aprili na Mei wageni hupungua, kambi nyingi za Hifadhi ya Nyerere hufungwa kwa sababu njia hazipitiki, na magari hulala wiki nane hadi kumi katika miezi ileile ambayo hewa imejaa maji. Gari linalotembea kila siku hupata upepo, jua na joto la injini. Gari lililolala halipati chochote kati ya hivyo.

Kosa ninaloliona kwa wengi, na lililokuwa langu, ni kununua dawa kabla ya kujua maji yametoka wapi. Kuna maji yanayoingia, yaani mvua inayopita kwenye raba, kioo au tundu la bolti. Kuna maji yanayoachwa na hewa, yaani umande. Na kuna maji yanayoitwa na chumvi. Tiba ya mojawapo haisaidii mengine. Ukipaka silanti, yaani gundi ya kuzibia nyufa, paa zima wakati tatizo ni umande, mwezi wa sita utakuta kuvu palepale.

Umande unahitaji maelezo kidogo kwa sababu ndio unaodanganya watu. Hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa Dar es Salaam wakati wa masika, hubeba karibu gramu 24 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa hiyo ikigusa kitu chenye nyuzi 26 au chini yake, huanza kuacha maji. Paa la bati chini ya anga la usiku hufika huko kwa urahisi, hasa mvua ikikatika na mawingu yakafunguka. Hewa yote iliyomo ndani ya mkonge haina maji ya kujaza hata glasi moja. Ghala lenyewe ni sponji za viti, kapeti, godoro na mbao za makabati. Mchana vitu hivyo hupata joto na kutoa mvuke, usiku mvuke unakuwa maji kwenye bati, asubuhi maji yanarudi kwenye sponji. Ukilifunga gari likiwa na sponji zenye unyevu, mzunguko huo utaendelea wiki kumi bila kuhitaji tone jipya.

Vifaa vya uchunguzi ni vya bei ndogo: tochi, magazeti ya zamani, poda ya mtoto, mpira wa maji, karatasi ya foili ya jikoni, na kipimaunyevu kidogo cha betri. Hicho kipimaunyevu usikiamini kabla ya kukijaribu. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji machache mpaka iwe kama mchanga mbichi bila kuyeyuka, kisha ifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Kiache usiku mzima na ikiwezekana siku nzima. Kinatakiwa kusoma 75. Changu kinasoma 69, kwa hiyo siku zote naongeza 6. Kuvu hupata nguvu unyevu ukikaa juu ya asilimia 70 kwa siku nyingi. Chini ya 60 hulala. Hizo ndizo namba mbili za kukumbuka.

Harufu ya uvundo, lakini huoni maji

Kabla ya kugusa kitu, keti ndani milango ikiwa imefungwa, dakika mbili, na unuse. Kisha washa feni peke yake bila kiyoyozi. Kama uvundo unaongezeka feni inapopuliza na kupungua baada ya muda, kuvu imo kwenye kiini cha kiyoyozi nyuma ya dashibodi, mahali penye giza na maji ya kudumu. Hapo kapeti halina kosa. Safisha kiini kwa dawa ya povu inayopitishwa kwenye tundu la kutolea maji, badilisha kichujio cha hewa ya ndani kama gari lako linacho, na tangu hapo jizoeze kuzima kiyoyozi dakika tano kabla ya kufika huku feni ikiendelea kupuliza, ili kiini kikauke.

Kama feni haibadilishi kitu, inua kapeti. Kuligusa kwa juu hakukuambii lolote, kwa sababu kapeti hukauka juu huku sponji ya chini ikiwa bado inabubujika ukiiminya. Tandika gazeti kavu kati ya kapeti na bati, sehemu zote nne za miguu na nyuma, uliache usiku kucha. Asubuhi lisome. Gazeti lililolowa mahali pamoja, lenye kingo zinazoonekana, linakuambia kuna tundu karibu. Gazeti lililolegea kote kwa usawa, kama lililoachwa barazani usiku wa mvua, linakuambia ni hewa au ardhi. Nimeshuhudia mtu akibadilisha raba za milango minne kwa sababu ya unyevu ambao gazeti la jana yake lingemwonyesha kuwa unatoka chini, kwenye dimbwi alilokuwa ameliegeshea gari.

Sakafu imelowa upande mmoja

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu maji hayaangukii pale yanapoingilia. Hutambaa kwenye mkunjo wa bati, hufuata waya, huteremka nyuma ya dashibodi, halafu hujitokeza mita nzima mbali na tundu. Kwa hiyo anza na maji yenyewe. Chovya kitambaa cheupe. Yakiwa na rangi ya kijani au nyekundu, yanateleza vidoleni na yana harufu ya utamu-utamu, hayo ni maji ya redieta yanayovuja kwenye kipasha joto cha ndani. Mwite fundi na usiendelee kutafuta mvua. Yakiwa na matope mepesi, yametoka nje. Yakiwa safi kabisa na yapo upande wa abiria tu, shuku mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi.

Huo mpira ni rahisi kuupima. Egesha mahali pakavu, washa kiyoyozi, subiri robo saa. Kwa unyevu wa pwani lazima uone maji yakidondoka chini ya gari. Usipoyaona, mpira umeziba kwa vumbi, au nyigu wa udongo wamejenga humo gari lilipokuwa limelala. Uzibue kwa kupuliza hewa kutoka chini, taratibu. Ukisukuma waya kwa nguvu utauchomoa kwenye boksi lake na tatizo litakuwa kubwa zaidi.

Kama ni mvua, fanya jaribio la mpira wa maji mkiwa wawili. Mmoja ndani na tochi, kapeti limeondolewa, bati limefutwa likakauka. Mwingine nje, maji yatiririke polepole, yasirushwe kwa presha, kwa sababu presha huingiza maji hata mahali ambapo mvua haifiki. Anzia chini ya mlango, dakika tatu. Panda hadi nusu ya mlango, dakika tatu. Kisha kingo za kioo cha mbele, kona moja kwa wakati. Mwisho paa. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua lililovuja ni lipi. Aliye ndani anyunyize poda ya mtoto kwenye mikunjo ya bati. Tone la kwanza litachora mstari mweusi katikati ya weupe, na mstari huo ukiufuata kwenda juu unafika mlangoni mwa maji.

Kwenye mkonge, sehemu nilizozikuta zikivuja mara kwa mara ni kona za chini za kioo cha mbele, pale raba inaposhika bati, na mfereji wa paa. Kioo kinapovuja, wengi hukimbilia silikoni. Mimi pia niliambiwa hivyo. Fundi mmoja alitazama kona yangu akasema, "Bosi, hii tunapiga silikoni dakika mbili, unaondoka." Akapiga. Masika iliyofuata kona ile ilikuwa imevimba, na nilipoitoa raba, bati chini yake lilikuwa limeliwa na kutu kiasi cha kupitisha kidole. Silikoni ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka na hula bati; tena ilifungia ndani maji yaliyokuwemo, na mabaki yake yakazuia gundi nyingine kushika. Njia sahihi ni ndefu: toa kioo, kwangua kutu hadi bati jeupe, paka rangi ya kuzuia kutu, weka raba mpya, na kama unataka silanti tumia ya poliyurethani ya magari. Gharama yake inauma, lakini ni ya mara moja.

Milango nayo ina siri ambayo wengi hawaijui. Maji ya mvua *hutakiwa* kuingia ndani ya mlango, kupitia kando ya kioo, na kutoka kwenye matundu madogo chini. Kinachoyazuia yasije kwako ni karatasi ya plastiki iliyobandikwa nyuma ya ubao wa mlango. Fundi wa redio au wa vioo akiichana ili apate nafasi ya mkono, asiirudishe, kila mvua itamwaga maji kwenye kapeti na utalaumu raba. Ukitikisa mlango ukasikia maji yakicheza ndani kama dafu, matundu ya chini yameziba. Yazibue kwa kijiti.

Matone chini ya paa na godoro lililolowa

Matone kwenye paa yanaweza kuwa tundu au umande, na tofauti huonekana kwa jaribio la foili. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, kibandike kwa utepe wa gundi pande zote kwenye dari palipolowa, ukiache usiku wenye mvua. Asubuhi, foili ikiwa na maji upande unaokutazama, hewa ya ndani ndiyo iliyoyaacha: ni umande. Ikiwa kavu upande wako na imelowa upande wa dari, maji yanatoka juu. Kuna alama nyingine ya haraka: umande hupendelea vichwa vya bolti na mifupa ya bati, kwa sababu ndivyo vinavyopoa kwanza, na hauachi doa lenye mduara wa kahawia. Tundu huacha mduara huo, na kila mvua huuongeza kidogo.

Matundu ya paa kwa magari yetu karibu yote tumeyatoboa wenyewe. Bolti za keria, za kivuli cha pembeni, waya za sola, antena ya redio ya mawasiliano. Kila bolti ya paa itolewe walau mara moja kila baada ya miaka miwili, ifutwe, iwekewe silanti mpya na pete ya raba (washa), ikazwe. Keria iliyobeba mzigo kwenye barabara ya mabonde hutikisika na kufungua nafasi isiyoonekana kwa macho.

Godoro la hema la juu ni kisa cha peke yake. Joto la mwili husukuma mvuke kupita godoro, mvuke unafika kwenye sakafu baridi ya hema na kuwa maji. Usiku mmoja hauonekani. Safari ya siku tano, halafu hema likunjwe na godoro ndani yake na gari lilazwe wiki kumi, hiyo ndiyo ramani niliyoikuta. Weka zulia la makumbi chini ya godoro ili hewa ipite. Nililo nalo limetoka Pangani, limekatwa kwa kipimo, na tangu niliweke upande wa chini wa godoro haujapata doa jipya. Na gari likilala, godoro lisibaki hemani. Litoe, lisimamishe ndani ya nyumba likiegemea ukuta.

Kuhusu kitambaa cha hema na kile cha paa la kunyanyuka, nilijifunza kwa jirani yangu, mzee mvuvi, aliponikuta ninaanika hema asubuhi na ninalikunja jioni, siku ya tatu mfululizo, bado likiwa na ubichi. Akalishika kwa vidole viwili, akavinusa. "Mwanangu, hili lina chumvi. Tanga lenye chumvi halikauki. Lisuuze kwanza." Nililisuuza kwa maji ya bomba mara mbili, likakauka siku moja. Chumvi ya bahari huvuta maji kutoka hewani unyevu unapopita asilimia 75, na pwani wakati wa masika hushuka chini ya hapo kwa saa chache tu za mchana. Kila kilichofikiwa na upepo wa bahari, au kilichokanyagwa na miguu iliyotoka kuogelea, hubaki kibichi hata jua likiwaka, mpaka kisuuzwe. Hili ndilo lililobadilisha namna ninavyolilaza gari kuliko ushauri mwingine wowote niliopata.

Kuvu kwenye usukani, viti na mikanda

Angalia kuvu imeota wapi hasa. Ikiwa kwenye usukani, gia, vishikizo na kingo za viti, mahali mikono na mapaja yanapogusa, inakula jasho na mafuta ya ngozi, pamoja na yale mafuta ya kujikinga jua ambayo wageni hupaka. Jasho lina chumvi pia, kwa hiyo huvuta maji na kulisha kuvu kwa pamoja. Ikiwa imeota upande mmoja tu wa kiti au chini yake, rudi kwenye gazeti na mpira wa maji.

Safisha nje, milango yote wazi, na uvae barakoa. Vumbi la kuvu lililokauka ukilivuta litakukohoza wiki nzima, na mwenye pumu asiifanye kazi hii kabisa. Usianze kwa brashi kavu. Nyunyiza kwanza siki nyeupe isiyochanganywa, subiri saa moja, futa kwa kitambaa, kisha osha kwa maji yenye sabuni kidogo na ukaushe juani. Mikanda ivute yote, ishike kwa kibanio cha nguo isirudi, ioshe kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu tu, iache nje mpaka ikauke kabisa. Jiki huondoa rangi ya doa lakini hudhoofisha nyuzi za mkanda na kula ngozi na bati. Na siki na jiki visikutane kamwe: huzaa gesi ya klorini, nayo ndani ya gari inaweza kukuua.

Hatari nyingine nataka niiseme waziwazi kwa sababu nimeiona ikifanywa: kuweka jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa ili likauke. Moshi usioonekana wa mkaa unaua, na mtu akiingia kuangalia hatoki. Jiko la gesi halifai pia hata ukiliacha gari peke yake, maana kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Unakuwa unalowesha unachotaka kukausha.

Taa zinazofifia, fyuzi zenye unga wa kijani

Unga wa kijani ni shaba iliyoliwa na unyevu wenye chumvi. Tenganisha betri, chomoa kiunganishi, kisugue kwa brashi ndogo na dawa ya kusafishia viunganishi, kisha kipake grisi ya umeme. Betri yenyewe ipime kabla ya kuilaza: ikisoma volti 12.6 imejaa, ikishuka chini ya 12.4 ichaji. Kama gari halitawashwa kabisa msimu wote, itoe garini uihifadhi ndani, juu ya ubao.

Malengelenge ya rangi, breki iliyoganda, dizeli yenye maji

Lengelenge kwenye rangi limeanzia ndani likija nje. Chini ya milango kuna boksi la bati lenye matundu ya kutolea maji. Matope ya Mikumi na Selous huyaziba, na boksi linakuwa mtungi. Safisha matundu, ingiza mpira, suuza mpaka maji yatoke meupe, liache likauke siku mbili za jua, kisha puliza nta ya kuzuia kutu humo ndani. Waliotoka Saadani, ambako mbuga inafika hadi ufukweni, wasuuze chini ya gari siku hiyohiyo.

Breki ya mkono usiiache imevutwa. Pedi hushikana na ngoma kwa kutu na gari halitatembea. Weka gia, kisha mawe mbele na nyuma ya matairi.

Tangi la dizeli lilazwe likiwa limejaa, maana nafasi tupu ya juu hutokwa jasho kila usiku. Maji hutulia chini, na kati yake na dizeli huota vijidudu vinavyofanya ute mweusi unaoziba kichujio. Kabla ya kuwasha Juni, legeza skrubu ya chini ya kichujio, kinga kwenye chupa ya kioo, subiri dakika kumi uone kama kuna tabaka mbili.

Namna ninavyolilaza sasa

Gari lipo chini ya banda la mabati lisilo na kuta, juu ya kokoto, pua ikiwa juu kidogo ili maji ya paa yateremkie nyuma. Hakuna turubai. Vioo viwili vya pande tofauti nimeviacha wazi upana wa vidole viwili, vimezibwa kwa wavu wa mbu. Magodoro, mito, mablanketi na vitabu vya ndege viko nyumbani. Makabati na mlango wa jokofu viko wazi, kijiti kikiuzuia usijifunge. Tangi la maji ni tupu, mtungi wa gesi umetolewa.

Wengi huniuliza juu ya vile vikopo vya kunyonya unyevu vya kloridi ya kalsiamu. Vinafanya kazi, ila ndani ya gari lililofungwa kabisa, ndani ya gereji ya ukuta. Ukiviweka kwenye gari lenye vioo wazi, unataka kuikausha pwani yote. Vitajaa kwa siku chache. Chagua njia moja. Lenye banda wazi lipate hewa, kwa sababu hewa inayopita, hata kama ni mbichi, hulifanya gari liwe na joto sawa na la nje na bati halitokwi jasho sana. Lenye gereji na umeme lifungwe na liwekewe kikausha hewa. Ukitumia vikopo, viweke kwenye beseni la plastiki pana, maana maji yanayokusanyika humo ni chumvi kali na yakimwagika kwenye bati hulila haraka. Mkaa wa kawaida kwenye kikapu hupunguza harufu kidogo, maji hauyawezi.

Kila siku ya kumi, jua likitoka, nafungua milango yote kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na ninanyanyua paa. Kisha naendesha walau nusu saa huku kiyoyozi kikiwaka. Kuwasha dakika tano na kuzima ni kuliongezea gari maji: injini hutengeneza mvuke unaobaki kwenye bomba la moshi na kwenye oili kwa sababu joto halijatosha kuutoa. Mwenye ndugu Dodoma ana njia bora kuliko zote hizi. Mvua za huko huishia mwezi wa nne, na gari lililolala kwa shangazi Dodoma hurudi likinuka vumbi tu.

Sponji ya chini ya kapeti nayo ina kikomo. Ikauke mara ya kwanza, iangalie. Ikinuka tena baada ya kukaushwa vizuri na tundu kuzibwa, itupe. Mafundi wa sofa wa Keko watakukatia nyingine kwa kipimo. Omba ile ambayo kila kitundu chake kimejifunga peke yake, isiyonywa maji: ichovye kwenye ndoo hapohapo dukani, iminye, na uangalie kinachotoka kabla hujalipa.